Magoti ya Sare

Mwanakombo katimiza miaka minne Mfunguo Sita
na Ngamiani nzima ina la kuniambia.
Mpeleke Chumbageni, wanaongea Kiingereza mpaka jikoni.
Mpeleke kwa masista, watoto wananyooka kama rula.
Mpeleke Raskazone, kuna bembea za plastiki
na basi la njano linamfuata mtoto mlangoni,
ila ada yake, mama, kabla hujaisikia
tafuta pa kukaa.

Baba yake kazi hiyo ameniachia.
Anarudi kutoka Pongwe na saruji kwenye kope,
anauliza, "Umepata?"
kama mtu aliyeniagiza chumvi.

Nikavaa baibui la sikukuu, nikazunguka.
Shule ya kwanza nikapewa karatasi inayoteleza:
mtoto wa Kizungu anacheka, nyuma yake theluji.
Nikauliza, darasa moja wako wangapi?
Mkurugenzi akanijibu kuhusu kompyuta.
Nikauliza choo.
Akatazama saa.

Ya pili, kitoto cha miaka mitatu kilisimamishwa mbele yangu,
kikataja nchi za Afrika na miji mikuu yake
bila kumeza mate,
kisha kikabaki pale pale, hakijui kama kimemaliza,
mpaka mwalimu alipokunja kidole.
Nilipiga makofi. Nilipiga sana.
Viganja viliniwasha hadi nyumbani.

Nikarudi barabara ya kumi na tatu, kwenye cherehani yangu.
Maana mimi ndiye fundi.
Mwaka wa sita huu nashona sare za shule zao zote.
Januari zinatoka mpya, Julai zinarudi kwa marekebisho,
na nguo haijui kujinadi.

Hizi za Raskazone: matakoni zimesuguka mpaka zinang'aa,
magoti kama nilivyoyapiga pasi mwenyewe.
Mtoto amekaa. Muhula mzima amekaa.
Hizi za drafti: kola zimetafunwa, upande wa kushoto.
Si moja. Nimehesabu tisa.
Hizi za maruni waliniagiza nisiweke mifuko.
Kwa nini?
"Wanaokota vitu."

Na chini ya rundo, suruali za bluu iliyopauka,
za kile kishule cha Bi Fatna, Makorora,
vyumba viwili na ua, kibao chake kimeliwa na chumvi.
Magoti yametoboka. Niliyatia viraka mwezi wa tatu,
na viraka vimetoboka.
Mfukoni: kokwa za ukwaju, kizibo cha soda,
jongoo mkavu aliyefungwa kwenye karatasi kwa heshima zote,
chaki iliyorambwa ncha.

Kesho yake nikampakia mwanangu kwenye keria ya baiskeli.
Bi Fatna hakunisalimia mimi kwanza.
Alichuchumaa, magoti yake yakalia kama bawaba,
akamuuliza, "Kuhesabu unajua?"
Mwanakombo akaanza anapopajua:
"Ya kumi na moja. Ya kumi na mbili.
Ya kumi na tatu, mama."
"Na ya kumi na nne?"
"Mbwa."
Bi Fatna akatikisa kichwa, taratibu,
kama aliyeonyeshwa njia.

Sijui.
Jirani kanicheka: "Kiingereza ataokota wapi, uani?"
Usiku mwingine nalala na lile basi la njano
linapiga honi mlango wa mwenzangu.
Na hata hiyo ada ya Makorora nimetoa nusu,
nusu nitamlipa Bi Fatna kwa sindano.

Lakini leo kitambaa cha bluu kiko mezani,
nimempima mtoto amesimama juu ya kigoda,
hatulii, ananiambia niharakishe.
Upindo nimeuacha vidole vinne, atarefuka.
Magotini sikutia kitambaa cha pili.
Mifuko nimeweka miwili,
mirefu kuliko nilivyoagizwa.